Hajawahi Kuguswa

Sehemu ya kumi na moja: Filimbi za bure

Simu haikuwa ya Tarumbeta. Ilikuwa ya muuza soda, naye alikuwa ameegemea ukuta wa nje wa ukumbi anaitazama huku anacheka peke yake, na Tarumbeta amesimama nyuma yake kama mtu aliyemwagiwa ndoo ya maji baridi. Hapo ndipo tulipomwacha. Na ninyi hamna subira, wiki nzima mmeniuliza: kwani mkanda wa video wa mtu anayefanya mazoezi una nini cha kumtoa mwenzake jasho?

Tulieni. Nitawaambia. Lakini kuna wageni wamejiunga nasi leo, na mgeni haachwi mlangoni.

Tarumbeta si jina alilopewa na mama yake. Alipachikwa kazini, kwenye kampuni ya usalama wa mitandao, kwa sababu yeye ndiye msemaji wake, na akikisifia kitu unaweza kununua punda ukidhani umepata farasi. Kampuni inauza mfumo unaoitwa Ngome, wa kulinda siri za hospitali na benki zisiibwe na wadukuzi. Kwa kweli Ngome ni mfumo wa kawaida tu: wezi wadogo unawazuia, wakubwa unawachelewesha. Lakini kitu cha kawaida nani atakinunua? Tarumbeta akaandika kwamba Ngome haijawahi kuguswa. Ikauzwa kama maandazi ya asubuhi.

Alipoona maneno yameleta riziki, akayahamishia kwa mdogo wake.

Mdogo wake ndiye Jabali, mpiganaji wa kizimbani, kule wanakochanganya ngumi, mateke na mieleka. Jabali alikuwa anashinda na kushindwa kama wenzake. Dada mtu akaketi mezani jikoni, akafuta mapambano aliyoshindwa, akaongeza ushindi kutoka nchi ambazo kijana hajawahi hata kuzisikia zikitajwa. Hajawahi kuguswa, akaandika chini ya picha. Kampuni ikamchukua awe sura ya Ngome, na picha zake zikabandikwa mji mzima, ngumi imefunika kufuli.

Kisha ukaja ule wazimu wa mwezi uliopita. Kampuni ilitangaza kwamba siri ya bingwa imefungiwa ndani ya Ngome, mkanda wa mazoezi yake ya faragha, na anayejiona mjanja aje autoe. Fundi wa mitambo, mtu mwenye akili zake, alishauri waweke mkanda wa uongo, hata wa mbuzi anayekula majani, maana nani angejua? Tarumbeta akakataa. Akasema wauweke ule wenyewe, ambao hata yeye hajautazama, kwa kuwa hakuna wa kuutoa. Ndiyo, ndugu zangu. Alikuwa amepiga chuku miaka mingi hivi kwamba chuku ilimrudia, naye akaiamini.

Sasa mkanda uko kwenye simu ya muuza soda.

Ngome ilikuwa imeguswa, tena imeguswa na kupekuliwa hadi mvunguni. Na aliyeuiba hakuuacha ulivyokuwa. Aliukata vipande akaviunganisha. Kila kipande kilikuwa kitu kilekile: mkono unakuja kumpiga Jabali kutoka kushoto, Kocha aliyesimama pembeni anapuliza filimbi, fii, na Jabali anainama. Fii, anainama. Fii, anainama. Kisha mwishoni vipande viwili ambavyo Kocha alichelewa kupuliza. Humo Jabali alikula ngumi uso wazi, hata kope haikupepesa, kama mtu aliyekaa kwake sebuleni.

Muuza soda alisema huyu bingwa anafunzwa kama mbwa wa polisi. Tarumbeta hakungoja aseme la pili. Alikimbia.

Alimkuta Kocha kwenye ujia wa vyumba vya kubadilishia nguo, anakunja bendeji za mikono. Kocha ni mzee mfupi, masikio yamevimba kwa mieleka ya ujanani, na amemlea Jabali tangu kijana hajaota ndevu. Tarumbeta alimsogezea uso na kumuuliza filimbi ile ni ya nini. Kocha akamwambia ni mazoezi tu. Akamuuliza tena. Mzee akaziweka bendeji chini.

"Jicho la kushoto halioni, binti yangu. Tangu pambano la mwaka jana. Mimi ndiye jicho lake."

Tarumbeta aliketi palepale sakafuni. Kocha akaendelea kumweleza taratibu, kwamba Jabali alimwapisha asimwambie dada yake, kwa kuwa dada angelia, angesimamisha kila kitu, na yeye Jabali hana kazi nyingine anayoijua. Kwamba wamepigana mapambano mawili namna hiyo na yakapita salama. Filimbi ikilia, kijana anajua mkono unatoka upande wa giza. Hata leo, Kocha akasema, almradi asikie filimbi, hakuna neno.

Na hapo, kutoka ukumbini, ikalia filimbi moja. Ikajibiwa na nyingine. Kisha zikalia mia, halafu zikawa hazihesabiki, filimbi za plastiki zinazopasua masikio.

"Nani kawapa watu filimbi?" Kocha akauliza.

"Mimi," akasema Tarumbeta.

Ni kweli. Magunia kwa magunia. Mabinti wa kampuni walikuwa wamesimama milangoni wanamgawia kila anayeingia filimbi yake ya bure, imeandikwa jina la Ngome, na maneno yake Tarumbeta mwenyewe: Ukimwona mwizi, puliza. Alikuwa amelala usingizi mtamu siku alipoyabuni.

Mchuma janga hula na wa kwao. Mara nyingi tunausema msemo huu kuwasuta wengine.

Akapanda ngazi mbio hadi chumba cha vioo kilichoko juu ya ukumbi, ambako Mkurugenzi wa kampuni alikuwa amewakaribisha wakuu wa hospitali kadhaa. Walikuja kutazama pambano na kutia saini ya kununua Ngome. Walikuwa wanakula njugu na kumsifia Jabali. Tarumbeta alimvuta bosi wake kando, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba Ngome imedukuliwa.

Mkurugenzi akasema anajua. Anajua tangu asubuhi, na fundi wa mitambo ameshapewa likizo ya ghafla. Wala hakuna udukuzi wowote, akasema huku anatabasamu kuelekea kwa wageni. Kampuni imeuachia mkanda yenyewe, kwa makusudi, kuwasha moto wa pambano. Alichotaka kwa Tarumbeta ni kuliandika hilo sasa hivi na kulisambaza.

Tarumbeta akamwambia habari ya jicho.

Hapo nilitegemea mtu ashtuke, nanyi mlitegemea. Mkurugenzi alitafuna njugu akameza.

"Wanaojua ni wangapi?"

"Mwenye simu yoyote anaweza kujua."

"Basi andika kwamba Jabali leo anapigana amefumba jicho moja, kwa dharau."

Alisema hivyo bila hata kukunja uso, na lililomwumiza Tarumbeta zaidi ni kwamba sentensi ilikuwa nzuri. Ni ya kwake kabisa. Angeweza kuiandika yeye jana, na angejipongeza. Alimtazama mtu huyu aliyemfundisha kazi kwa miaka, akaona hana la kumwambia ambalo yeye mwenyewe hajawahi kulifanya.

Akashuka. Kama bosi hataki kusimamisha pambano, umma utalisimamisha.

Kazi yake siku ya pambano ni kuingia kizimbani kabla ya wapiganaji na kuwapandisha watu mori kwa kipaza sauti. Waliomwona anaingia walianza kushangilia kabla hajafika katikati. Akainua mkono, wakanyamaza, na akasema ukweli wote kwa mara ya kwanza tangu apate kazi ile.

"Jabali haoni jicho la kushoto. Ushindi wake mwingi niliutunga mimi. Ngome imevunjwa na wezi. Nawaomba, jamani, pambano hili lisifanyike."

Akaona nyuso zimemkodolea, akadhani wameelewa, na machozi yakaanza kumtoka.

Kisha mtu mmoja mstari wa mbele akacheka. Akasema Tarumbeta huyu hafai, hana mpinzani, mwaka jana alikuja na mkono uliovunjika, sasa kaja na jicho. Wakakumbuka. Mwaka jana alisimama papo hapo, akalia machozi ya kweli, akatangaza kwamba Jabali amevunjika mkono mazoezini lakini atapigana hivyo hivyo. Mkono ulikuwa mzima kama wangu huu ninaoandikia. Watu walilia naye, Jabali akashinda, na baadaye ilipojulikana ni kiki tu ya kutafuta umaarufu, wakampenda zaidi.

Kicheko kikaenea mstari hadi mstari. Halafu filimbi, ukumbi mzima. Tarumbeta alipiga kelele kwamba leo ni kweli, anaapa kwa kaburi la mama yake, na kadiri alivyoapa ndivyo walivyopuliza. Juu kwenye vioo wakuu wa hospitali walikuwa wamesimama wanapiga makofi, na Mkurugenzi akawa anawapitishia kalamu.

Njia ya mwongo ni fupi, walisema wahenga. Ya Tarumbeta iliishia katikati ya kizimba, kipaza sauti mkononi.

Alitolewa na walinzi kwa heshima zote, mmoja wao akampongeza. Alipofika ujiani alikuwa hata haoni anakokwenda, na ndipo mkono mzito ukamshika bega.

Alikuwa Nyundo, mpinzani mwenyewe.

Huyu naye nimpe haki yake. Tarumbeta ndiye aliyemtangaza kwamba aliwahi kuua ng'ombe dume kwa ngumi moja na kwamba analala na minyororo. Nyundo ni fundi wa kuchomelea mageti. Ana sauti ya pole, na alianza kwa kumlalamikia kwamba tangu habari ya ng'ombe itoke, mama mkwe wake hataki kukaa naye chumba kimoja. Kisha akaangalia huku na huku, akainama.

"Mimi nakuamini, dada. Mkanda nimeuona, nikautazama mara nyingi."

Tarumbeta akamshika mkono kwa mikono yake miwili. Akamwomba ajitoe, aseme anaumwa. Nyundo akatikisa kichwa. Akamweleza kwamba akijitoa hatapigana tena popote, na akiacha kupiga upande ule wa jicho bovu watasema wamepanga matokeo, wafungiwe wote wawili. Ana watoto wanne na mageti hayauziki siku hizi. Lakini hana kisa na Jabali, wala hataki kumwua mtu.

"Mwambie ngumi ya kwanza ikimpata alale," akasema. "Alale asiinuke. Mimi sitamfuata chini."

Loo, msomaji wangu, ungemwona dada yule. Ilikuwa kama mtu anayezama aliyeguswa na kamba. Ngumi moja, aibu ya wiki mbili, watu watacheka na kusahau, na mdogo wake atabaki hai na jicho moja la kumtazamia. Alikimbia hadi chumba cha Jabali na kufunga mlango nyuma yake.

Jabali alikuwa amekaa kwenye benchi, mikono imeshafungwa bendeji, anatikisa kichwa taratibu kufuata filimbi za nje. Alifurahi kumsikia. Akasema ameambiwa dada kawawasha watu leo kuliko siku zote, ati kasema yeye ni kipofu. Akacheka sana.

Tarumbeta hakucheka. Alipiga magoti mbele yake, akamwambia kwamba Kocha ameshamwambia kila kitu, na kwamba mkanda umeibwa, tena Nyundo ameshajua. Akamwambia na habari ya filimbi, kwamba hatasikia ya Kocha hata ikipulizwa ndani ya sikio lake. Kisha akamfikishia maneno ya Nyundo kama alivyopewa.

"Mimi?" Jabali akasema. "Mimi nilale?"

Akaanza kuhesabu watu aliowaangusha. Akawataja wa kweli, akaunganisha na wale wa nchi za mbali, mmoja baada ya mwingine, na jinsi kila mmoja alivyoanguka. Mmoja alimwangusha kwenye mvua. Tarumbeta aliikumbuka mvua ile. Aliiongeza mwishoni, kwa sababu habari ilikuwa imepungua urefu.

"Hao niliwaandika mimi, mdogo wangu. Jikoni. Wewe ulikuwa umelala chumba cha pili."

Jabali alipapasa bendeji za mikono yake. Alipozungumza tena sauti yake ilikuwa ya yule mtoto ambaye Tarumbeta alimwogesha, akamvalisha sare, akamshika mkono kuvuka barabara baada ya mama yao kufariki.

"Najua, dada. Lakini watu wote wale nje wanaamini sijawahi kuguswa. Ukiniondolea hilo, nitabaki na nini?"

Tarumbeta aliinuka kutoka magotini. Huyu ni mtu ambaye angeweza kukuuzia kivuli chako mwenyewe, lakini mdogo wake hakumwuzia kitu. Alimkumbatia tu na kulia begani pake, na Jabali akampigapiga mgongo kwa mikono ile minene ya bendeji, akimwambia asijali, atausikia upepo wa ngumi, yeye si mgeni wa kazi hii.

Mlango ukagongwa. Zamu imefika.

Jabali akasimama, akanyoosha shingo, akaelekea mlangoni kwa mwendo wake wa kishujaa. Bega lake likapiga mwimo wa mlango kwa nguvu hadi ubao ukalia. Akarudi nyuma hatua moja, akajaribu tena, akaupiga tena.

Lilikuwa bega la kulia.

Tarumbeta alisogea upande ule wa kulia, upande wa jicho zima, akainua mkono wake mbele ya uso wa mdogo wake, vidole vyote vitano vimetanuka.

"Niambie hivi ni vingapi."

"Viwili," Jabali akajibu upesi.

Kisha akatabasamu kwa haya. "Daktari huwa anaonyesha viwili."

Tarumbeta akamuuliza tangu lini. Akamwambia tangu juzi, ni ukungu tu, unakuja na kuondoka, huenda ni joto la taa. Kocha hajui, na akimwambia watagombana. Akasema hivyo na kuufungua mlango kwa kuupapasa, na kabla dada yake hajapata pumzi ya kupiga kelele, muziki wa kuingilia ukafyatuka na mwangaza ukajaa ujiani.

Kocha alikuwa pale nje, filimbi mdomoni. Jabali akamwekea mkono begani, akamwambia leo waingie hivi, kwa mtindo. Kocha akafurahi, maskini, akidhani kijana anamheshimu.

Umati ulipowaona ukalipuka. Bingwa kaja na mwendo mpya, mkono juu ya bega la mzee kama mfalme na waziri wake. Vijana mistari ya nyuma walianza kuuiga palepale, huyu kamshika bega huyu. Tarumbeta alikuwa nyuma yao anasukumana na walinzi, akimwita Kocha kwa jina lake la nyumbani, akisema ni macho yote, Kocha, ni macho yote mawili. Mlinzi mmoja alimwambia inatosha sasa, dada, tiketi zimeshaisha. Na filimbi zilikuwa zinalia hivi kwamba hata yeye hakujisikia.

Jabali akapandishwa kizimbani. Kocha akatoka, mlango ukafungwa, komeo likaingia.

Ndani wakabaki watu watatu: Jabali, Nyundo, na mwamuzi aliyevaa shati jeusi. Nyundo akasogea pembeni, upande wa kushoto wa Jabali, akiandaa ile ngumi moja ya huruma, akimtazama mwenzake na kumwashiria kwa kichwa kwamba wamekubaliana.

Jabali hakumwangalia. Alikunja ngumi zake, akashusha kidevu, akapiga hatua mbili mbele na kujipanga barabara kumkabili mwamuzi.

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, wakasema lo, dharau gani hii, na kengele ikalia.